Wapagazi wa Livingstone, na Dharau Ijifichayo Moyoni



Siku moja nalikuwa darasani nikifundisha habari za njia ya kale, ile iliyotoka Bagamoyo ikafika Unyanyembe, kisha ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na moja kuelekea huku kwetu kaskazini hata Ziwa la Viktoria. Watoto wa hapa wanaijua reli, iliyofika Mwanza mwaka wa 1928. Bali njia ya miguu hawaijui, na babu zao waliojua kuisimulia wamekwisha kufa. Nikawaeleza jinsi Dakta David Livingstone alivyofariki katika nchi ya Ilala, nami nikasema kama nilivyofundishwa, na kama nilivyofundisha miaka mingi: wapagazi wake wakaubeba mwili wake mpaka pwani. Nikageukia ubao ili kuandika mwaka.

Mlangoni alikuwa ameketi mzee mmoja wa kanisa letu, akimngoja mjukuu wake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, uniwie radhi. Hao watu hawakuwa na majina?"

Nikamjibu ya kwamba walikuwa wengi mno. Watoto wakacheka kidogo, mzee akanyamaza, somo likaendelea.

Lakini jibu lile halikuwa kweli. Majina nayajua, nimeyasoma zaidi ya mara moja. Chaki ilikuwamo mkononi mwangu, na ubao ulikuwa na nafasi tele. Sikuyaandika kwa kuwa moyoni sikudhani kuwa ni kitu cha kuandikwa. Usiku ule nilikaa muda mrefu nikiwaza neno hili, na tangu hapo nimezisoma upya habari zile, si kwa kumtafuta Livingstone, bali kwa kuitafuta ile dharau ambayo mtu huwa nayo asijue kuwa anayo. Mwenye kutukana wenzake njiani hujulikana, na mchungaji humwonya. Ile nyingine haionywi na mtu. Hujivika nguo ya huruma, au ya desturi, au ya utaratibu mwema wa kazi, nayo huingia kanisani ikaketi mbele.

Basi nisimulie.

Mwaka wa 1872 Livingstone na Stanley walifika Kwihara, karibu na Tabora, wakitoka Ujiji. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi, Livingstone akabaki akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumletea. Walifika mwezi wa Agosti, 57 kwa hesabu. Wengi walikuwa watu wa Unguja na mrima waliokwisha kuzoea safari. Wachache walikuwa vijana waliosomeshwa na misheni huko Nasik katika Bara Hindi, nao asili yao ni watoto walioibwa na wafanya biashara ya watumwa, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza. Mmoja wa hawa ni Jacob Wainwright, Myao, ajuaye kusoma na kuandika Kiingereza. Waliokuwa na Livingstone tangu zamani ni Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, na Chuma, Myao, aliyefunguliwa minyororo ya watumwa mwaka wa 1861 akiwa mtoto.

Tarehe 25 Agosti wakaondoka Kwihara. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakamkuta bwana wao amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Tufikiri hali yao. Mzungu amekufa katika nchi isiyo yao, na pwani ni mbali, safari ya maili zaidi ya 1,000. Kufiwa na mgeni mkubwa ni jambo la hatari, maana wenyeji waweza kudai fidia, na huko pwani huenda wakaulizwa, Mmemfanya nini? Wangeweza kuzika na kutawanyika, wala hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walifanya baraza. Wakawaweka Susi na Chuma kuwa wakuu wa safari. Jacob akaagizwa kuandika orodha ya vitu vyote vilivyokuwa katika masanduku, ili pasipotee hata kimoja. Hata mtemi Chitambo, ambaye hakupata kusikia mahubiri ya wamisionari, alikuja na watu wake kumwombolezea mgeni wake kwa heshima yote ya kwao. Naye aliwashauri wazike pale. Walipokataa, aliwaachia wafanye walivyotaka.

Farjala, aliyepata kumtumikia daktari Unguja na kuona jinsi maiti inavyopasuliwa, akautoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma maombi ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani yapata siku 14, wakaufunga katika gamba la mti na nguo, na turubali juu yake. Kisha Jacob akachonga maneno katika ule mti. Akaandika jina la Livingstone, na siku, na mwaka. Chini yake akaandika majina matatu: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Mniasere ni Manwa Sera, na Vchopere ni Chowpereh, wote wawili viongozi wa wapagazi. Kipande kile cha mti kilikatwa baadaye kikapelekwa London. Jina lake mwenyewe Jacob hakuliandika.

Naomba msomaji aliweke neno hili akilini.

Wakaenda miezi mitano. Katika mwezi wa Oktoba Chuma akatangulia akafika Kwihara, akamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye amelala kwa homa hata macho yalikuwa hayaoni vema. Hapa, wapendwa, nataka tukae kidogo, maana jambo hili lilitendeka katika nchi yetu, mahali ambapo mtu wa Tabora aweza kufika kwa miguu asubuhi.

Cameron hakuwa mtu mbaya. Maiti ilipofika aliwapokea kwa heshima. Lakini akawashauri wazike palepale Unyanyembe. Sababu zake zilikuwa na maana: njia ya mbele ilikuwa na watu wasiokubali maiti ipite katika nchi yao, tena mke wa Livingstone alizikwa katika bara hili, huko Shupanga, na huenda mume naye angependa kulala katika bara lilo hilo. Wale watu wakamsikiliza kwa adabu, wakakataa. Walisema walichokwisha kukata shauri tangu Ilala, ya kuwa atakwenda kwao.

Masanduku yakafunguliwa, na vyombo vingi vya kupimia vya marehemu vikatwaliwa ili vitumiwe katika safari ya Cameron. Wale waliokuwa wamevilinda miezi mitano, ambao orodha yao ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa Jacob, hawakupendezwa. Lakini nani aliwauliza? Mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza sikuona neno lolote. Bwana mmoja amekufa, bwana mwingine amechukua vyombo, basi. Sikuona kwamba pale palikuwa na watu waliowekewa amana, wakaombwa watoe amana kana kwamba wao ni punda waliobeba, si wadhamini waliotunza. Cameron hakuwadharau kwa kinywa. Naamini angeulizwa, Je, wawadharau watu hawa? angeshangaa na kukasirika. Ndiyo maana nasema dharau hii haijioni.

(Katika ua ule ule alikuwako Sidi Mubarak Bombay, mkuu wa wapagazi wa Cameron, Myao naye, mtumwa zamani. Huyu alikwisha kumwongoza Speke na Stanley. Speke, katika safari ya pili, alimpiga ngumi za uso. Mwaka wa 1876 Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na posho.)

Wakaendelea. Walipofika Kasekera, wenyeji wakazuia maiti isipite. Hapo ndipo akili ya watu hawa ilipoonekana. Walitwaa mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakafanana na maiti, na watu wakayabeba usiku wakirudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mbele kidogo wakayatupa porini na kuwarudia wenzao kwa siri. Mwili wenyewe walikuwa wameufunga upya kwa umbo la robota la nguo, ukapita kati ya marobota mengine. Ni hila, sikatai, wala siwafundishi watoto kudanganya. Bali nauliza, kama shauri hili lingetungwa na Luteni, je, vitabu vingelisifu uaminifu wake, au akili yake?

Baada ya hapo, mtoto mmoja wa kike wa msafara, jina lake Losi, akiwa njiani amebeba mtungi wa maji, aliumwa na nyoka akafa kabla ya kupata msaada. Wakamzika kando ya njia. Nimemtaja kwa makusudi. Katika msafara walikuwamo watoto na wanawake pia. Alikuwako Halima, mpishi wa Livingstone, ambaye bwana wake alimsifu katika maandiko yake, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Hata sisi tunaojidai kuwakumbuka wapagazi huwakumbuka wanaume tu.

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Manowari ikaja kuchukua maiti, balozi wa Kiingereza wa muda akawalipa mshahara wao, na safari ikawa imekwisha. Walioubeba mwili miezi tisa hawakuitwa kuusindikiza. Jacob peke yake alikwenda, kwa kuwa chama cha misheni, CMS, kililipa nauli yake. Tarehe 18 Aprili 1874, Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster, Jacob alikuwa mmoja wa wanane waliosindikiza jeneza lake. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, kwa fedha za rafiki mmoja wa marehemu, wakakuta kaburi limekwisha kufungwa. Hata hivyo waliketi na Horace Waller wakamweleza mambo yote ya safari, na kitabu cha habari za mwisho za Livingstone, kilichotolewa mwaka ule ule, kimejaa maneno yaliyotoka vinywani mwao. Kile Chama cha Jiografia kilifua nishani yapata 60 kwa ajili ya msafara mzima. Zilipofika Afrika, wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Sasa rudini kwenye ule mti. Juu ya kaburi la Westminster liko jiwe, nalo lasema kwamba Livingstone aliletwa kwa mikono aminifu kupita nchi kavu na bahari. Mikono tu. Haisemwi ya nani. Mafundi waliochonga jiwe walikuwa na zana nzuri, na nafasi, na wakati, na nchi nzima ikiwatazama. Yule kijana Myao alikuwa na kisu na gamba la mti, katika pori la kigeni, akiwa na huzuni na hofu ya njia, naye akapata nafasi ya majina matatu ya wenzake. Nadhani waliotunga maneno ya jiwe walitaka kusifu kwa moyo safi. Lakini mtu aweza kusifu na kudharau kwa neno moja. Kumwita mtu mwaminifu ni sifa njema. Hata hivyo punda naye huitwa mwaminifu, na mbwa pia. Sifa walizonyimwa ni zile za watu wazima: kwamba walikata shauri, kwamba walipinga ushauri wa aliye mkubwa kwao, kwamba walijua walitendalo.

Mtu asidhani kwamba nawashitaki Wazungu peke yao. Ingekuwa kazi rahisi, na wasomaji wangefurahi, nami ningelala usingizi.

Watu wa misafara ya pwani walijiita waungwana. Wengi wao walikuwa watumwa, au watumwa waliofunguliwa, walioibwa wakiwa wadogo katika nchi za Wayao na Wanyasa na Wamanyema. Lakini walipovaa kanzu na kujua Kiswahili, waliwaita watu wa bara washenzi. Mtu aliyeuzwa jana leo amepata wa kumwita mshenzi, akafarijika. Nasi Wanyamwezi tulikuwa na ya kwetu. Babu zetu walibeba mizigo kwa hiari yao, ratili 60 hata 70 begani, nao walikuwa na haki ya kujisifu. Lakini kijana asiyepata kwenda pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Wako waliorudi na merikani na shanga, wengine wakarudi na watu walionunuliwa.

Wale vijana wa Nasik nao hawakusalimika. Walijua kusoma, walibatizwa, na katika misafara walionekana na wenzao kuwa wenye kujikuza. Jacob aliporudi kutoka Uingereza alisemwa sana ya kuwa sifa zimemharibu. Pengine ni kweli, sijui moyo wake. Lakini angalieni jinsi tunavyopima. Stanley alijaza vitabu kwa sifa zake mwenyewe, akaitwa shujaa. Jacob alishangiliwa kwa muda mfupi tu, akaitwa mwenye kiburi. Baadaye alitumika huku na huko, na mwisho akaja Urambo, kwa wamisionari wa London waliokaa katika nchi ya Mirambo. Huko akafa mwaka wa 1892, magharibi ya Tabora, si mbali na njia ile aliyopita na mwili wa Livingstone. Watoto wetu wanafundishwa Westminster iko wapi. Ni nani huwaambia kwamba mmoja wa wale wanane amelala katika nchi ya Unyamwezi?

Najua liko jibu la mtu atakayesema, Hayo yamepita, sisi ni Wakristo sasa, hatubagui. Mtume Yakobo aliwaandikia Wakristo, si wapagani, juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu apewaye kiti kizuri, na maskini aambiwaye asimame. Hao walikuwa wamekwisha kubatizwa. Mambo yale yalitendeka ndani ya kusanyiko lao, na inaelekea mwenye kugawa viti alijiona anafanya utaratibu tu.

Basi niseme lililonileta kuandika.

Yule mzee aliyeniuliza swali mlangoni, bibi yake mzaa baba aliletwa Unyamwezi akiwa mtoto, katika msafara uliotoka magharibi, akanunuliwa. Jambo hili kila mtu hapa alijua, wala hakuna alisemaye. Wadachi waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka wa 1905 awe huru, na sheria ya mwaka wa 1922 ikaufuta utumwa wote wa Tanganyika. Sheria imekwisha kusahauliwa hata na mawakili. Lakini minong'ono ya kijiji haijafutwa.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu alitaka kumposa mjukuu wa mzee huyu, binti mwenye adabu, mwimbaji wa kwaya, aliyemshinda mpwa wangu kwa elimu. Wazee wa ukoo wakaniuliza mimi, kwa kuwa ni mwalimu na mtu wa kanisa. Nikasema, "Kijana bado mdogo, na asubiri." Alikuwa na miaka 27. Mimi nilioa nikiwa na 23. Wakatikisa vichwa kwa kukubali, wala hakuna aliyetaja neno la bibi yule, maana haikuwa lazima. Mwaka uliofuata mpwa wangu akaoa kwingine, wala hapo sikusema tena kwamba ni mdogo.

Ningeliulizwa siku ile, Je, wamdharau mzee yule? ningeapa kwamba sivyo. Tunaketi benchi moja kanisani. Alipougua nilimpelekea unga na sukari. Nimemwombea mbele ya watu. Yote hayo ni kweli, wala hayakuwa unafiki wa makusudi. Ni kama Cameron alivyowapokea wale watu kwa heshima, kisha akafungua masanduku.

Wakati wa utumwa si wote waliofungiwa mlango hivi milele. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwako Adrian Atiman, aliyeibwa akiwa mtoto katika nchi ya Sudani ya magharibi, akanunuliwa na mapadre weupe, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka wa 1889. Aliwatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Akaoa huko huko, na mwanawe akawa padre. Watu wa Karema walimpa binti yao mtu aliyenunuliwa sokoni, miaka 130 na zaidi kabla ya mimi kusema kwamba kijana wangu ni mdogo.

Baada ya kusoma haya yote nilirudi darasani, nikaanza somo lile upya. Niliandika ubaoni: Susi, Chuma, Jacob Wainwright, Manwa Sera, Chowpereh, Farjala, Halima, Ntaoeka, Losi. Watoto wakanakili. Mmoja akauliza Losi alikuwa na miaka mingapi, nami nikasema alikuwa mdogo, kama ninyi.

Mzee alikuwa mlangoni tena. Akayatazama majina, maana kusoma anajua, kisha akasema, "Bibi yangu watu walimwita Mmanyema mpaka alipokufa. Jina lake alilopewa na mama yake alituambia sisi wajukuu tu." Akalitaja. Siliandiki hapa, kwa kuwa alilitaja kwangu, si kwa gazeti.

Habari ya ile posa sijamwambia. Naamini aijua tangu siku ile ile, maana Bukene si mji mkubwa. Mara mbili nimetoka nyumbani jioni kwenda kwake, na mara zote mbili nimekuta wageni uani, nikazungumza nao habari za mvua na bei ya mpunga, nikarudi. Jumapili tutaketi tena benchi moja.